Spitfire inakata moto nikiinamisha pua, gemu imekosea?

Wakuu habari za Tanga. Nipo Ngamiani hapa na kompyuta ya broo, narusha kwenye gemu Spitfire ya 1940, ndege ya kivita ya Uingereza, kila nikisukuma stiki mbele nimfukuze Messerschmitt ya Mjerumani injini inakohoa inakata, yule anazama huyooo. Ilikuwa hivi kweli?

— Kweli tupu mkuu. Injini ya Merlin ilikuwa na kabureta ya boya, ile ile kama ya bodaboda, ukiinamisha pua ghafla mafuta yanarukia juu injini inakosa. Messerschmitt 109 ilikuwa na injeksheni, mafuta yanasukumwa kwa pampu, haijali kitu. Marubani wa Uingereza walibinua ndege kwanza tumbo juu ndo wazame, mpaka 1941 injinia Beatrice Shilling, mwanamke yule anastahili heshima zake, akabuni kichuma chenye tundu cha kubana mafuta, tatizo likapungua sana.

— Cheki na mafuta pia kaka. 1940 walishaanza oktani 100, mafuta yanayostahimili presha zaidi, busti (presha ya hewa inayosukumwa kwenye injini) ikapanda toka pauni 6 hadi 12 kwa inchi ya mraba, sasa gemu ikikupa ya oktani 87 ukiruka chini chini utaachwa tu, hapo ndo lalamika.

— Dah asanteni, nimebinua kwanza, haijakohoa hata kidogo!