Jumatatu nafanyiwa leza ya macho, naomba ushauri

Njia ya Mau: Wadau, hamjambo. Mimi ni dereva wa matatu, Nakuru–Kisumu, miaka 27, na miwani nimevaa tangu kidato cha pili. Mvua ikinikuta Londiani usiku miwani inashika ukungu, na taa moja ya lori naiona kama tatu. Nilipita makutano yale siku moja baada ya ajali ya Juni 2023 iliyoua zaidi ya watu 50, na mpaka leo nikifika pale viganja vinalowa jasho. Jumatatu nafanyiwa leza Nairobi, niachane na miwani. Waliofanyiwa, je, inauma? Nitarudi kwa usukani baada ya siku ngapi?

Mama Pili: Pole mwanangu. Lakini nyinyi vijana kila kitu ni kukatwa. Mama mkwe wangu kule Seme ana miaka 80 na bado anatia uzi kwenye sindano. Anakula mboga za kienyeji, osuga na dek, analala mapema. Nyinyi mnatazama simu mpaka saa nane usiku halafu mnalaumu macho.

Omosh wa Kondele: Nilifanyiwa 2019, nikiendesha basi kama wewe. Haiumi, unawekewa matone ya ganzi. Wanakata utando mwembamba juu ya jicho, wanaufunua kama mfuniko, leza inachonga chini yake, kisha wanaurudisha. Utasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, usishtuke. Kesho yake nilisoma kibao cha duka ng'ambo ya barabara, nikalia. Ila omera, macho yalikauka miezi mingi, chupa ya matone haikutoka mfukoni. Na usiku kila taa ilikuwa imevaa duara. Sikushika basi la usiku kwa miezi 4.

Mwalimu wa Butere: Ya nini Nairobi? Hospitali ya macho ya Sabatia iko hapa Vihiga. Baba yangu alikuwa haoni hata mlango, wakamtengeneza, na bandeji ilipotolewa akamwita mjukuu kwa jina kabla mtoto hajafungua mdomo.

Mpima Miwani: Mwalimu, mzee alikuwa na mtoto wa jicho, na dawa yake ni kubadilishiwa lenzi ya ndani. Leza hii inapunguza konea, kile kioo cha mbele. Njia ya Mau, taa moja unaiona tatu hata ukiwa umevaa miwani? Na miwani umebadilisha mara ngapi miaka hii 2?

Njia ya Mau: Nimebadilisha kidogo tu. Tusitoke kwa swali, nauliza siku za kurudi kazini.

Mpima Miwani: Kidogo ni mara ngapi?

Njia ya Mau: Mara 3 kwa miezi 18. Sawa, nitasema. Daktari wa kwanza, kule Nakuru, alinipiga picha ya jicho akasema konea imeanza kuchongoka, nisikubali leza kabisa. Nikatafuta kliniki nyingine, sikuwaambia. Watanipima asubuhi ya Jumatatu kabla ya kuingia. Nimeshatuma 40,000, na humo mna akiba ya mke wangu. Mkiniambia niache, nani atazirudisha? Binamu yangu alifanyiwa na anaona vizuri. Madaktari nao hupingana kila siku.

Mama Pili: Umemficha daktari? Na mke anajua?

Njia ya Mau: Anajua naenda kutengenezwa macho.

Jicho la Tatu: Jamani, amkeni. Akaunti hii mwezi jana ilikuwa inauza boti ya uvuvi Dunga, Kisumu. Leo ni dereva wa Nakuru mwenye machozi? Ngojeni kesho, atataja jina la kliniki na bei ya punguzo. Hadithi za kutungwa tumezizoea humu.

Mwalimu wa Butere: Kweli, hata mimi nilishangaa. Dereva gani anaandika vizuri hivi?

Njia ya Mau: Mwalimu, nilipata B ya Kiswahili, nikakosa karo. Boti ni ya kaka yangu, hana simu ya intaneti. Kliniki sijaitaja na sitaitaja.

Mpima Miwani: Kama karatasi ya ile picha unayo, tuandikie namba zilizo juu yake.

Njia ya Mau: Kulia: penye wembamba zaidi 448, mpindo wa juu 53.6. Kushoto: 489 na 47.9. Sikuelezwa maana yake.

Mpima Miwani: Jicho la Tatu, muuza leza hawezi kuandika namba hizi, zinafukuza wateja. Konea ya kawaida ina unene wa mikroni 540 hivi, na mpindo wake ni kama 43 au 44. Hii inaitwa keratokonasi. Ukuta umeshapungua na unasukumwa nje; leza inapunguza tena ule ule ukuta. Binamu yako alikuwa na konea nzima, wewe huna. Macho yanakuwasha?

Njia ya Mau: Tangu utoto. Vumbi likipanda nasugua mpaka yanakuwa mekundu.

Mpima Miwani: Acha kusugua leo, utibiwe huo mwasho. Kuna tiba ya kuikaza konea: matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno. Kazi yake kubwa ni kuzuia isiendelee, ndiyo maana kuchelewa ni hasara. Kuona vizuri utasaidiwa na lenzi ngumu za kuvaa. Hizo 40,000 ziulizie, hujafanyiwa kitu. Nakusihi, usiwafiche karatasi hiyo.

Njia ya Mau: Jumatatu nitaenda nayo. Wakisema wanaweza, sijui. Nimeshajiona bila miwani, ndugu zangu, hamjui inavyovuta.

Mama Pili: Binti yangu husafiri Ijumaa usiku, Kisumu kwenda Nakuru. Leo gari la usiku nani anaendesha?

Njia ya Mau: Mimi. Niko stendi, wamebaki abiria 3 tujae.

Omosh wa Kondele: Usitoke. Leseni yangu ya abiria bado hai, niko hapa Kondele, Kisumu, na nduthi, pikipiki yangu. Mpigie mwenye gari umwambie nakuja.

Njia ya Mau: Nampigia.