Mjadala: Miezi mitatu ya uchomeleaji inamtoa fundi, au inamtoa mtu mwenye cheti?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Kozi fupi za uchomeleaji zimeenea kila mkoa. Miezi mitatu, au sita, kijana anatoka na cheti. Wapo wanaosema zinatosha kumfungulia maisha aliyeishia darasa la saba au kidato cha nne. Wengine wanasema hakuna fundi wa miezi mitatu: apande ngazi zote tatu za VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, au akae chini ya fundi miaka miwili.

Mimi naona tunabishania kalenda bure. Kinachomjenga mchomeleaji ni rodi, vile vijiti vya kuchomelea, alizounguza kwa mkono wake mwenyewe, na hizo zinahesabika.

Chukua karakana yenye mashine 4 na wanafunzi 20. Saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 12: hizo ni saa 360. Mashine moja inagombaniwa na watu 5, kwa hiyo kila mmoja anabaki na saa 72. Toa humo muda wa kukata, kusaga, kugonga magamba yanayoganda juu ya mchomeleo na kubadilisha rodi. Moto wenyewe ukiwaka robo ya muda huo, yaani saa 18, darasa limekwenda vizuri. Rodi ya milimita 2.5 huisha kwa dakika moja hivi, kwa hiyo saa 18 ni rodi zipatazo 1,080. Pakiti ya kilo 5 ina rodi karibu 250. Kila mwanafunzi anahitaji pakiti 4 na ushei, na darasa zima pakiti zaidi ya 80.

Sasa mzazi, kabla hujalipa ada, uliza: muhula uliopita mlinunua pakiti ngapi? Ukijibiwa pakiti 10, ujue kila kijana aliunguza rodi 125. Hizo ni saa 2 za moto katika miezi mitatu.

Fundi mageti, Temeke

Hesabu nimeielewa na naiunga mkono, ila umeacha jambo moja: rodi ngapi, juu ya chuma gani? Vyuo vingi vinafundishia bamba la milimita 6 au 10. Mtaani kazi ni geti, dirisha, kitanda, meza ya mama lishe. Hiyo ni skwea paipu, bomba la pembe nne, ya geji 16 au geji 18, yaani unene wa milimita 1.5 au 1.2. Kijana aliyezoea rodi ya 3.2 na moto wa ampea 120 akigusa geji 18, anatoboa. Akitoboa anaongeza rodi kuziba tundu, tundu linakua. Au anavunja ganda la rodi, anachomeka waya wake kwenye uwazi na kupitisha moto juu. Kwa macho kunapendeza, lakini ndani hakuna kilichoshikana.

Geji 18 inataka rodi ya 2.5 kwa ampea 55 hadi 65, au ya 2.0 kwa chini ya hapo. Piga kifupi, sentimita 2 au 3, acha chuma kipumue, hamia upande mwingine. Uwazi kati ya vipande usizidi unene wa ukuta wa bomba lenyewe. Hayo hayafundishiki kwenye bamba nene.

Halafu kuna kupinda. Fremu ya mita 1 kwa mita 2 lazima ipimwe kona kwa kona, na pande zote mbili zisome sentimita 223.6. Mwanafunzi anaipima mara moja, kabla ya kuchomelea, kisha anamaliza kona moja yote ndipo aende ya pili. Chuma kikipoa kinavuta upande uliochomwa, na geti linakataa kufunga. Shikiza kona zote nne kwanza, pima, chomelea kona zinazotazamana kwa zamu, pima tena katikati ya kazi. Ikibainika imevuta, kukata vishikizo viwili ni dakika tano. Ukishamaliza kona zote, ni grinda na nusu siku.

Mkufunzi wa karakana

Fundi, kwenye kupinda sina neno. Kwenye bamba nakataa. Bamba la milimita 6 lipo ili mwanafunzi ajifunze kusoma kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Anayeanza hutazama mwanga wa rodi. Inabidi atazame nyuma yake kidogo, pale chuma chekundu kinapotengana na magamba yanayoelea. Kidimbwi kikirefuka na kuchongoka, anakimbia. Kikitanuka na kuanza kuning'inia, anachelewa au moto umezidi. Kwenye geji 18 kosa na tundu vinakuja pamoja, hapati hata sekunde ya kuona nini kilitangulia.

Makosa ya wiki za mwanzo ni yale yale. Rodi inanasa: moto mdogo, au anaigandamiza badala ya kuikwaruza kama njiti ya kiberiti. Vitundu kama vya sifongo: rodi iko mbali na kazi, au chuma kina rangi, mafuta, kutu. Mfereji pembeni ya mchomeleo: moto mwingi na mkono unaoruka kingo. Umbali wa ncha ya rodi na chuma usizidi unene wa waya wake, yaani milimita 2.5 kwa rodi ya 2.5.

Na kuna mtihani usiohitaji maabara. Simamisha bamba juu ya jingine, umbo la T lililopinduliwa. Chomelea upande mmoja tu, liache lipoe, kisha ligonge kwa nyundo nzito upande usio na mchomeleo mpaka lilalie mchomeleo na kuvunjika. Tazama ndani ya ufa. Ukiona ukingo wa bamba bado umenyooka kama ulivyokatwa, moto haukufika kwenye shina, yaani ndani kabisa ya kiungo, hata kama juu palipangika kama sarafu. Naomba hili lifanyike kila Ijumaa, hasa kwa wale wanaosifiwa mkono mzuri.

Mkaguzi wa michomeleo

Mimi ninachopinga ni tangazo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na vyuo vimeanza kuwaambia vijana kwamba kozi fupi ni tiketi ya kazi za namna hiyo. Si kweli.

Kazi ya bomba haiombi cheti cha chuo peke yake. Inaomba jaribio, mara nyingi lile la 6G: bomba limefungwa likiwa limeinama nyuzi 45, haligeuzwi, mchomeleaji ndiye anazunguka, na shina linapigwa picha ya eksirei au linakatwa vipande na kupindwa. Kwa ISO 9606-1, kiwango cha kimataifa cha kupima wachomeleaji, kufaulu kunakuhusu kwa njia ile ya kuchomelea, unene ule na mkao ule, na lazima mwajiri athibitishe kila miezi 6 kwamba bado unaifanya kazi hiyo.

Tena ni rodi nyingine. Mtaani ni E6013, inasamehe. Huko utakutana na E7018, na unyevu ni adui yake. Ikikaa wazi kwenye hewa ya pwani inanyonya maji, haidrojeni inaingia kwenye chuma, na ufa unaweza kujitokeza saa nyingi baada ya fundi kwenda nyumbani. Ndiyo maana hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 300 na zaidi, kwa muda aliouandika mtengenezaji. Ni vyuo vingapi vya kozi fupi vina oveni?

Msomaji, Mombasa

Huku Kenya kuna jaribio la ufundi la NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu ndilo la chini. Awe amejifunza chuoni au kwa jua kali, benchi ni lile lile. Je, kwenu mtu wa mtaani ana njia?

Fundi mageti, Temeke

Ipo, dada. VETA hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Shida ni kwamba wengi hawajui, na anayejua anahofia kufunga kibanda siku za tathmini.

Mtu wa usalama kazini

Mmejadili rodi, hakuna aliyegusa macho na mapafu, na hapo ndipo kijana wa miezi mitatu anaharibika mapema. Miwani ya jua si kinga. Kwa rodi za 2.5 na 3.2 kioo cheusi cha kinga ya uso kiwe namba 10 au 11. Aliyechomwa na mwanga haumii palepale. Huumia usiku, macho kama yana mchanga, na kesho yake anarudi kazini kwa sababu maumivu yamepungua.

Maziwa nayo, yale mafundi wanayokunywa ili kuosha moshi, tuyaache. Hayaoshi moshi, kwa sababu moshi unaingia mapafuni na maziwa yanaenda tumboni. Bomba lenye zinki likichomwa hutoa moshi mweupe, na jioni fundi anatetemeka kama mwenye malaria. Saga zinki sentimita 5 kila upande wa kiungo, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi, simama upepo utokee ubavuni, usiinamie kazi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa uchomeleaji kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2017.

Mkufunzi wa karakana

Nakubali, na kioo kimoja kwa wanafunzi watano ni kosa la chuo, si la kijana. Kuhusu mabishano ya bamba na bomba: wiki 7 bamba, wiki 5 skwea paipu. Fundi, unasemaje?

Fundi mageti, Temeke

Sita kwa sita, mwalimu. Na mtihani wa mwisho uwe vitu viwili: fremu ya mita 1 kwa 2 ya geji 18, tofauti ya kona kwa kona isizidi milimita 3 ikishapoa, na kile kipande cha T kivunjwe kwa nyundo mzazi akiwa amesimama pale. Kipande kilichovunjika apewe aondoke nacho pamoja na cheti.