Waranti ya korti na "kutafutwa na polisi" ni kitu kimoja?

MdogoWaDereva, Nakuru
Wakuu, naomba mwanga. Kaka yangu anaendesha lori. Mwaka jana alishtakiwa hapa Nakuru kwa kumpiga mtu, ugomvi wa kuegesha gari tu. Akatoka kwa bondi, mjomba akawa mdhamini na kuweka logbuku ya Probox yake. Siku ya kesi kutajwa kaka alikuwa kwenye foleni ya mpaka wa Malaba na mzigo wa watu, hakimu akatoa waranti, yaani amri akamatwe. Sasa mjomba ananijibu kwa mkato, na juzi kuna mtu amepiga simu, eti ni afisa wa DCI, ile idara ya upelelezi wa jinai, eti kaka ameingia kwenye ilani nyekundu ya Interpol, tutume 15,000 kwa M-Pesa jina litolewe. Je, kaka yuko kundi moja na wale wanaoanikwa picha mtandaoni? Anaweza kushikwa Busia kwa kesi ya Nakuru? Na waranti ina mwisho?

KaraniMstaafu, Kisumu
Mwanangu, hiyo pesa usitume. Interpol haina habari na ngumi za Nakuru, na waranti haifutwi kwa simu. Aliyeitoa ni korti, wa kuifuta ni korti hiyo hiyo.

Watu husema "waranti" kana kwamba ni karatasi moja. Mimi nimezeekea masjala ya jinai, na zilizopita mezani kwangu hazikuwa sawa hata kidogo. Kuna samansi kwanza, ambayo ni wito tu: njoo tarehe fulani, njoo mwenyewe kwa miguu yako. Mnakumbuka Machi 2011, wale Wakenya sita wa kesi za Hague? ICC, ile mahakama ya kimataifa ya jinai, iliwapa samansi, ndiyo maana walipanda ndege wenyewe bila pingu. Ukipuuza samansi, hapo korti inaweza kutoa waranti ya kukupeleka kwa nguvu. Na si mshtakiwa peke yake. Shahidi akiitwa akakaa kimya, analetwa vivyo hivyo, na nimeona walalamishi wakiletwa na askari kwenye kesi walizoanzisha wenyewe!

Ya kaka yako ni ya aliyeruka bondi. Kwa hakimu, hiyo ni nzito kuliko anavyodhani, kwa sababu alishaaminiwa mara moja. Waranti huwa na sahihi ya hakimu au jaji, jina la mtu na kosa kwa ufupi. Hadi hapo zinafanana. Tofauti mara nyingi iko mgongoni mwa karatasi: korti inaweza kuandika kwamba huyu akishikwa aachiliwe akitoa dhamana ya kiasi fulani na wadhamini kadhaa. Isipoandikwa hivyo, afisa hana budi kumfikisha kortini.

Kuhusu mwisho, haina. Inaishi mpaka itekelezwe au korti iliyoitoa iifute. Niliona waranti za miaka mingi zikiamka kwa sababu mtu alisimamishwa barabarani kwa jambo lingine kabisa. Na ndiyo, Busia atashikwa. Inatekelezwa popote Kenya.

Ningekuwa yeye ningeenda kortini mwenyewe Jumatatu au Jumanne asubuhi, na wakili kama mfuko unaruhusu, nikiwa na karatasi za mzigo na mpaka zenye tarehe ya siku ile. Aulize masjala kwa namba ya kesi, faili ipelekwe mbele ya hakimu, aeleze. Hakimu anaweza kuifuta na kumrudisha kwenye bondi ya zamani, anaweza kukaza masharti, na anaweza kumweka rumande, sitakudanganya. Lakini aliyekuja mwenyewe na aliyeburutwa hawatazamwi kwa jicho moja. Ila asijipeleke kituoni Ijumaa jioni. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyeshikwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiishia wakati korti imefungwa, ni siku ya korti inayofuata. Hesabu mwenyewe wikendi hiyo.

AfandeWaZamani, Kakamega
Karani amesema kweli upande wa korti. Upande wetu, "kutafutwa" ni neno pana. Kuna anayetafutwa tu aandikishe taarifa, hajashtakiwa lolote. Kuna mshukiwa: kwa kosa zito sheria inaturuhusu kumshika bila waranti tukiwa na sababu ya kutosha. Halafu kuna mwenye waranti kama huyo dereva. Wale wa picha za DCI ni wachache, wa visa vikubwa.

Interpol nayo ina rangi zake. Nyekundu ni ombi kwa polisi wa nchi nyingine wamtafute mtu na kumzuia akingoja kurudishwa alikoshtakiwa, na hata hiyo yenyewe si waranti, inaegemea waranti iliyotolewa na nchi au mahakama fulani. Njano ni ya aliyepotea, buluu ya kutafuta habari za mtu, nyeusi ya maiti isiyotambuliwa. Hapo hakuna pa kumweka mtu aliyekosa kesi akiwa Malaba.

Jambo moja: afisa akija na waranti lazima aeleze inahusu nini, na ukiomba kuiona akuonyeshe. Omba kwa heshima, usianze kurekodi video ukipiga kelele.

MdogoWaDereva, Nakuru
Asanteni wazee wangu. Je, mjomba ana hatari gani?

KaraniMstaafu, Kisumu
Kubwa kuliko yenu nyote, na hakupiga mtu! Korti inaweza kumwita aeleze kwa nini asilipe kiasi cha bondi aliyotia sahihi. Asiposhawishi, atalipa, au ile logbuku ifuatwe. Mpigie leo, umwombe msamaha kwa niaba ya kaka yako, kisha muende pamoja. Mdhamini akisimama kando ya mshtakiwa, hakimu huona hajakimbiwa.

MamaKibanda, Bungoma
Na mimi niulize hapo hapo. Nilikopa, nikashtakiwa, korti ikaamua nilipe. Sasa mdai anasema atanitolea waranti. Nitaitwa mhalifu?

KaraniMstaafu, Kisumu
Hapana, dada. Hiyo ni ya madai, haihusu jinai. Na mdai hatoi waranti, anaiomba kortini. Kwa kawaida kwanza utapata ilani ya kufika ueleze kwa nini usifungwe jela ya madai. Nenda siku hiyo bila kukosa, beba hesabu ya kibanda, mapato na karo za watoto, upendekeze kulipa kidogo kidogo. Kifungo chenyewe hakizidi miezi 6, na gharama ya kukulisha huko ndani hutoka kwa mdai, ndiyo maana wengi hukubali mapatano mlangoni. Usihesabu kwamba kufungwa kunafuta deni, ukitoka utalikuta pale pale. Ilani umeshapata, au bado ni maneno yake tu?