Mama katoka Bukoba kuja kusali kanisa kuu Dar, kaishia turubaini huku mabenchi ndani yako tupu

Wakuu, salaam.

Hili jambo nimekaa nalo tangu Jumapili nikijiambia litapita. Halipiti. Leo Jumatano nimeamka nalo tena, nimeshindwa hata kunywa chai vizuri, kwa hiyo nalileta hapa. Mtanivumilia kwa povu.

Kanisa sitaji, dhehebu sitaji, na naomba msinichimbe. Ni kanisa kuu mojawapo, basi. Wahusika wakipita hapa watajijua.

Mama yangu ana miaka 71. Ukutani sebuleni kwake kuna kalenda ya 1994 ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuishusha. Tarehe zilishafifia zamani, kilichobaki ni picha ya juu: kanisa kubwa la Dar es Salaam. Tumekua tukiiangalia. Kila nikienda likizo ananiuliza, "Mle ndani ulishaingia? Pakoje?" Mwaka huu nikasema liwalo na liwe, nikamtumia nauli. Zaidi ya kilomita 1,300 kwenye basi. Kashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi miguu imevimba, hajaulizia maji wala chakula, anauliza leo siku gani. Alhamisi, Mama. "Basi bado siku tatu."

Jumamosi nikamtembeza. Tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo, maana makanisa yale mawili ya enzi za Mjerumani ukitaka kuyafaidi yatazame ukiwa majini. Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na mnara wake uliochongoka, lililoanza kujengwa 1897 likakamilika 1902. Halafu Azania Front la Walutheri, la miaka hiyohiyo, na vigae vyake vyekundu. Maghorofa ya vioo yameyasimamia kichwani siku hizi, lakini Mama hakuyatupia jicho hata moja. Alishika chuma cha pantoni akaangalia minara mpaka tukagonga gati. Nasema haya ili mjue ni mtu wa namna gani niliyempeleka kanisani kesho yake. Si mtu wa kupiga picha na kuondoka.

Jumapili tumetoka Kimara bado giza. Kavaa kitenge alichokishonesha makusudi kwa siku hiyo, na mkononi ana kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile yetu ya kwa Wahaya, eti atoe kama shukrani. Kwenye mwendokasi tumekuta viti vimejaa. Kijana mmoja, masikioni kaziba na visikilizio, kamwona tu, kainuka. "Shikamoo Bibi, kaa hapa." Mwendokasi, wakuu! Gari ambalo mtu anaweza kukuvunja mbavu ili awahi mlango. Likumbukeni hilo.

Tumeingia kanisani dakika arobaini kabla ya ibada. Narudia, arobaini, maana najua kuna mtu keshaanza kuandika "mngewahi". Mama kachagua benchi la tatu kutoka mbele, kapiga magoti, kasali, kainua macho kwenye vioo vya rangi huku jua la asubuhi ndiyo kwanza linaanza kuvigusa. Nilimwona anahesabu kitu kwa midomo. Sikumuuliza.

Akaja kijana wa beji. Hakuna shikamoo, hakuna karibu. "Mama, hapa pana wenyewe." Nikaangalia, kweli kuna kitambaa cheupe kimefungwa pembeni mwa benchi. Sawa, hatukukiona, kosa letu. Tukarudi benchi la saba. Akaja dada naye ana beji: hapa ni familia ya mgeni rasmi, kuna harambee leo. Tukahamia upande wa nguzo, mahali ambapo madhabahu huioni mpaka upinde shingo. Hapo tumekaa kama dakika kumi, Mama keshatoa kitabu cha nyimbo, akarudi yule kijana wa kwanza. Wapiga picha za matangazo mubashara wanaweka mtambo wao. "Nje kuna turubai zuri tu, Mama, na luninga ipo."

Mara tatu, wakuu. Mtu wa miaka 71, anainuliwa mara tatu kama mzigo uliokosa stakabadhi.

Nilitaka kuwasha moto palepale. Mama akanishika mkono. "Waacheni, ni kazi yao." Tukatoka.

Sasa turubai lenyewe. Viti vya plastiki, sawa, hata kijijini tunavikalia. Luninga imewekwa ikitazama jua, kwa hiyo unachokiona ni sura yako mwenyewe. Spika inachelewa: sauti ya ndani unaisikia kupitia ukutani, halafu inakuja tena kwenye spika, basi sisi wa nje tumeimba nusu ubeti nyuma ya kanisa zima ibada nzima. Kunguru wa mjini nao mnawajua, walikuwa na ibada yao juu ya turubai. Mahubiri nimeambulia neno hapa, neno pale. Kitu pekee kilichotufikia bila kukwama ni bango la namba ya kulipia sadaka. Hilo walilileta mpaka mbele ya pua.

Na hiki ndicho kilichonifanya niandike. Wakati wa matangazo nikajifanya natafuta choo, nikachungulia mlangoni. Yale mabenchi ya kitambaa cheupe, manne ya mbele, nusu yake hayakuwa na mtu. Benchi la tatu, lile la Mama, walikaa wawili pembezoni, na mkoba wa mmoja wao katikati. Mkoba ulikaa ndani. Mama yangu nje.

Sipingi wageni kutengewa nafasi. Viongozi wana mambo yao ya usalama, wagonjwa nao watengewe, wala sina neno. Lakini wimbo wa kwanza ukiisha na mwenyewe hajatokea, hicho kitambaa kinasubiri nini? Hata basi la mkoani ukichelewa, kiti wanampa aliyesimama. Kufungua fundo la utepe ni kazi ya sekunde tano, na watu wenye beji walikuwa wengi kuliko mabenchi.

Halafu neno lenyewe kathedrali asili yake ni kiti. Kigiriki, kathedra, kiti, maana humo ndimo kilimo kiti cha askofu. Kanisa limepewa jina kwa sababu ya kiti! Na Waraka wa Yakobo sura ya 2 unamtaja mwenye pete ya dhahabu anayeonyeshwa mahali pazuri pa kukaa, na maskini anayeambiwa asimame kule. Sijui huwa wanairuka wakifika hapo.

Kahawa hakuitoa. Alimpa mama aliyekuwa anapanga viti vya plastiki baada ya ibada, mtu pekee aliyemsalimia siku ile pale. Wakacheka kidogo, kumbe naye ni wa Muleba.

Kwenye mwendokasi wa kurudi alikuwa kimya mpaka Magomeni. Halafu akaniuliza, "Yule mwenye nafasi yake alifika lakini?"

Nikamwambia alifika.

Anaondoka Ijumaa. Wale wa "hamia kwetu kwa nabii, viti vipo" piteni kimya, sitafuti kanisa jipya. Ila kama kuna mdau anayejua ibada ya katikati ya wiki kwenye kanisa lolote kati ya yale ya zamani, ambayo mtu anaingia na kukaa anapotaka, aniambie leo. Nimeomba ruhusa kazini kesho.