Ushauri: Niwasilishe vipi takwimu za kliniki kwenye mkutano wa kijiji?

Mtakwimu_Kata: Wakuu, habari za jioni. Nataka wanakijiji waone jinsi wajawazito wanavyochelewa kuanza kliniki, wakati inashauriwa waanze kabla ya wiki 12. Nina grafu ya mistari: vijiji vinne, rangi nne, asilimia. Nimewaonyesha wajumbe wa kamati, mmoja akauliza, "Sasa sisi ni mstari upi?" Wengine kimya. Nifanyeje?

Mama Chati: Mjumbe kakupa jibu, mkuu. Mtu akiona takwimu hujitafuta yeye kwanza. Kijiji chao kipe rangi iliyokolea, vingine viwe kijivu, jina liandikwe palepale mstari unapoishia. Asilimia achana nazo. Kama ni 30, chora wanawake kumi, watatu wapake rangi. Hapo hata asiyejua kusoma anaelewa.

Mzee wa Ramani: Naongezea. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu Soho, London. Daktari John Snow alichora kistari kwa kila kifo, penye nyumba ya marehemu, na vistari vikarundikana kuzunguka pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street. Wengi husema ramani ndiyo iliyofanya mpini wa pampu uondolewe ili watu wasichote maji yake. Sivyo. Mpini uliondolewa tarehe 8 Septemba baada ya Snow kuzungumza na viongozi wa parokia. Ramani ilitoka baadaye. Kwa hiyo usibandike karatasi ukutani ukakaa. Simama uzungumze nao.

Nguzo Sifuri: Ukitumia grafu ya nguzo, nguzo zianzie sifuri. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko ni kama asilimia 37. Anzisha nguzo kwenye milioni 40 uone: ya pili inaizidi ya kwanza zaidi ya mara nne! Huko ni kuwadanganya watu waliokuamini. Halafu hayo ya Snow ya nyumba kwa nyumba usiyaige, kijijini kila mtu anamjua mwenye mimba. Ishia kwenye kitongoji.

Mtakwimu_Kata: Asanteni sana. Kuna kitongoji chenye wajawazito wawili tu. Nikiunganishe na cha jirani?

Mama Chati: Kiunganishe. Na kabla ya mkutano, mpe mama mmoja mchoro bila kumweleza chochote, yeye ndiye akueleze anachokiona. Atakapokwama ndipo pa kurekebisha.