Majirani wa Kisenyi: wazee wa ramani na vita vya anga

*Ijumaa, saa 2 usiku*

Idi: Asalaam aleikum majirani. Mwezi huu nimebakiwa na pesa ya kununua gemu moja tu ya kuweka kwenye mashine zangu. Vijana wananisukuma ninunue gemu ya mikakati ya anga za juu. Ila wateja wangu wa Jumapili mchana ni nyinyi wazee wa ramani, mnaocheza vita vya kweli vya historia, watu wa 1941 na 1944. Nikiweka meli za anga, mtakuja au mtanihama?

Hassani: Tutakuhama.

Zubeda: Kaka Hassani, hata hujaiona 😄

Mwalimu Salumu: Waaleikum salaam Idi. Asante kwa kutuuliza kabla hujanunua. Ninachopenda kwenye gemu ya historia ni kwamba jibu la kwanza lipo tayari, na mimi nakaa kulibishia. Chukua Adwa, Waitalia walipopigwa na Wahabeshi tarehe 1 Machi 1896. Jenerali Baratieri wa Italia alitembeza vikosi vyake usiku milimani, vitatu mbele na kimoja nyuma cha akiba. Mchoro wa ramani aliokuwa nao ulikuwa mbovu. Albertone, kamanda wa kikosi cha kushoto, akapitiliza mbali mno, kulipokucha jeshi la Mfalme Menelik wa Ethiopia likamkuta yuko peke yake. Nikikaa mezani najiuliza, ningekuwa Baratieri ningengoja? Ningerudi zangu Eritrea nikale nishibe kwanza? Nikishindwa, najua nimeshindwa na nini. Sasa kwenye sayari iliyobuniwa juzi, nitajipima na nani?

Zubeda: Shikamoo Mwalimu.

Mwalimu Salumu: Marahaba mwanangu.

Hassani: Mwalimu kasema yangu yote, naongeza moja. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma, kule Asia, kupigana na Wajapani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mvua zikiwa zimeshika, barabara imegeuka uji, magari yanasukumwa kwa mabega. Desemba wakaingia Kalewa. Nikifungua ramani ya Burma namtafuta mle. Nikisogeza kile kikosi kipande kimoja kuelekea kusini, nahisi namsogeza yeye. Hakuna sayari itakayonipa hilo.

Zubeda: Hapo sina la kukujibu, kaka. Ni kweli tupu. Ila nataka kusema kuhusu hii habari ya "sisi watu wa historia" na "wao watu wa anga", kwa sababu mara nyingi walikuwa watu wale wale. H. G. Wells, mwandishi wa vita vya watu wa Mirihi, ndiye aliyeandika mwaka 1913 kanuni za kupiganisha askari wa sanamu sakafuni sebuleni. Kampuni ya magemu ya SPI ya New York ilikuwa inaishi kwa vita vya Napoleon na vita vikuu vya pili, na mwaka 1974 ikatoa StarForce, gemu ya nyota. Kampuni ya Avalon Hill, waliotoa Gettysburg ya vita vya Wamarekani mwaka 1958, wakatoa Starship Troopers mwaka 1976. Mara nyingi ubao ulikuwa ule ule wa vyumba vya pembe sita, vipande vile vile vya karatasi ngumu.

Baraka: Kutoa ni jambo moja, kupendwa ni jingine. Kampuni ya SSI walitoa Panzer General, gemu ya vifaru vya Wajerumani kwenye vita vikuu vya pili, mwaka 1994, ikashika dunia. Mwaka 1996 wakatoa Star General ya anga, mtindo ule ule na zamu zile zile. Nani hapa amewahi kuicheza? Lakini Panzer General watu waliililia mpaka mwaka 2011 wakatengenezewa Panzer Corps inayofuata nyayo zake.

Hassani: Umeona!

Baraka: Na sababu yake naijua. Mzinga wa Kijerumani wa milimita 88, nikiuona tu kwenye ramani najua kazi yake. Najua ulitengenezwa kupiga ndege na ukaishia kuchoma vifaru jangwani. Sihitaji kufundishwa. Meli ya anga yenye jina la herufi na namba lazima nisome kurasa kumi ndipo nijue kama inapiga mbali au karibu. Na nikishazisoma, bado moyo hauchezi.

Zubeda: Hiyo hoja ni nzito Baraka, ila angalia inaelekea wapi. Mchezaji wa historia anakuja mezani na mzigo wa mambo anayoyajua. Gemu ya anga inamkuta mikono mitupu, basi lazima imjengee huo mzigo. Warhammer 40,000, gemu ya sanamu za vita vya anga za baadaye, ipo tangu 1987. Mtu aliyekua nayo anavijua vikosi vyake kama Hassani anavyoijua Kabaw. Na mwaka 2014 kampuni ya Slitherine, wale wale wa Panzer Corps, walitoa Armageddon ya Warhammer kwa mtindo wa Panzer Corps. Hawakufanya hivyo kwa kubahatisha, wanawajua wateja wao.

Idi: Hata kampuni ya Paradox ya Stockholm. Mwezi Mei 2016 wametoa Stellaris, gemu ya anga, mwezi wa Juni wametoa Hearts of Iron ya nne, ya vita vikuu vya pili, ambayo nyinyi mnaicheza kwangu kila Jumapili. Nyumba moja, mwaka mmoja.

Mama Furaha: Habari za jioni. Nawasoma tangu mwanzo. Naweza kusema?

Mwalimu Salumu: Sema mama, kikundi ni chetu sote.

Mama Furaha: Mnajua mimi natoka Bukavu. Siku moja Furaha alifungua kwa Idi gemu moja yenye ramani ya dunia nzima, akaniita nione Kongo. Niliona ziwa Kivu, niliona majina, nikatoka nje. Siwezi kusukuma jeshi pale hata kwa mchezo. Lakini zile meli za nyota niliwahi kukaa na Furaha saa mbili nzima. Anauliza, mama tufanye urafiki na hawa wageni au tufunge mpaka? Tunapanga pamoja, tunabishana. Vita vya kule havina jina la mtaa wangu. Hassani anamtafuta babu yake kwenye ramani, na mimi namheshimu kwa hilo. Mimi wangu sitaki kuwakuta mle.

Hassani: Pole sana mama. Sikuwa nimefikiria upande huo.

Idi: Asante mama kwa kutuambia.

Mwalimu Salumu: Mama Furaha, umesema neno kubwa. Nilifundisha historia miaka mingi, na darasani walikuwepo watoto ambao tukifika 1979, vita vya Amin na Tanzania, walikuwa wanainamisha kichwa. Nilijifunza kwenda polepole.

Mwalimu Salumu: Na kwa kuwa nimeitaja 1979, ngoja niulize swali langu la kweli, maana hili ndilo litaniamulia. Wote mmepita Lukaya mkienda Masaka. Barabara imenyanyuliwa, kinamasi huku na huku, mafunjo mpaka macho yanachoka. Machi 1979 jeshi la Amin na Walibya walishuka pale na makombora ya Katyusha, brigedi ya 201 ya Tanzania ikavunjika na kutawanyika. Kwenye barabara kama ile huwezi kutandaza watu wako, unasukumana na aliye mbele yako. Kilichogeuza mambo ni brigedi ya 208 kuzunguka mbali kaskazini-magharibi ikatokea upande wa barabara ya Kampala. Kinamasi ndicho kilichoamua nani apite wapi. Sasa niambieni, angani kuna kinamasi? Maana kama kila meli inaruka inakotaka, mimi sioni mkakati hapo, naona mbio tu.

Idi: Mwalimu, hilo ndilo walilogombana nalo wenyewe! Stellaris ilipotoka, kila taifa lilichagua namna yake ya kusafiri, na wengine waliruka tu popote. Ukijenga ngome, adui anaipita juu. Februari 2018 wakatoa toleo la pili, wakafuta hayo, wote wakalazimishwa kupita kwenye njia zilizochorwa kati ya nyota na nyota. Kuna watu walikasirika sana. Lakini tangu hapo ramani ina vichochoro. Nyota moja yenye njia mbili tu unaijengea ngome, na asiyeipita hapo hana pa kupita. Hiyo ndiyo Lukaya yako.

Mwalimu Salumu: Vizuri. Hapo nimesogea karibu. Na jeshi linakula nini?

Idi: Kivipi Mwalimu?

Mwalimu Salumu: Hearts of Iron tangu walipoirekebisha mwaka 2021 inanitesa kwa reli na vituo vya ugavi. Nikiingia Urusi bila reli, vifaru vyangu vinasimama njiani kama ng'ombe waliokosa maji. Na hiyo ni haki, ndivyo ilivyokuwa. Meli zako za nyota zikienda mbali na nyumbani, zinaishiwa nini?

Idi: Kwenye Stellaris… gharama ya kuzitunza ipo, inakatwa kila mwezi kwenye hazina. Lakini kuishiwa njiani, hapana. Zinaenda tu.

Mwalimu Salumu: Basi hiyo siitaki. Samahani Idi, ila jeshi lisiloona njaa siwezi kulichukulia kwa uzito. Uniwekee viumbe wenye macho sita, uniwekee jua mbili, nitakubali yote. Lakini njaa usiniondolee. Napoleon hakushindwa Urusi na watu tu.

Baraka: 👏🏾👏🏾

Zubeda: Mwalimu, basi gemu unayoitaka siyo Stellaris, ni Distant Worlds.

Hassani: Ndiyo ipi hiyo?

Zubeda: Mtoaji wake ni Matrix Games, wale wanaotoa magemu mazito ya mbunifu Gary Grigsby, ya vita vikuu vya pili upande wa Mashariki na wa Pasifiki. Mle meli zinatumia mafuta. Unachimba gesi kwenye sayari kubwa za gesi, unajenga vituo vya kuchimbia, meli za mizigo za raia zinasambaza, na kundi lako la vita lazima lijaze kabla ya safari. Likikauka katikati ya safari linatambaa. Nimewahi kupoteza mfumo mzima wa nyota hivyo, adui hakunishinda kwa bunduki, alinivunjia kituo kimoja cha gesi nyuma ya mstari. Kundi langu lilikuwa mbele, zuri, jipya, halina tone.

Mwalimu Salumu: Alivunja kituo kimoja?

Zubeda: Kimoja. Vingine vilikuwa mbali mno.

Baraka: Hiyo ni Rommel kabisa, jenerali wa Kijerumani kwenye jangwa la Afrika Kaskazini, anangoja petroli ivuke bahari huku Waingereza wa kisiwa cha Malta wanamzamishia meli.

Mwalimu Salumu: Ndiyo! Ndiyo hiyo hiyo!

Zubeda: Na huhitaji kuendesha kila kitu. Unaweza kuwaachia washauri uchumi au ubalozi, wewe ukashika vita peke yake. Au uache vita, ushike uchumi. Mama Furaha angeupenda upande wa ubalozi.

Mama Furaha: Ningependa.

Idi: Mashine zangu zitaiweza? Si mnajua zilivyo za zamani.

Zubeda: Ile ya pili ya 2022 itazikaba. Chukua ile ya 2014, Universe. Sura yake si nzuri, meli ni vipicha vidogo, lakini wazee wa ramani wamezoea vipande vya karatasi.

Hassani: Mimi bado nitabaki na Burma yangu. Idi, usije ukaifuta kwenye mashine ya pembeni.

Idi: Haifutwi kaka. Mashine ile ni yako na babu.

Hassani: Asante. Ila nitakuja kuwaangalia hao wa gesi.

Baraka: Na mimi nijaribu. Nikisoma kurasa kumi halafu moyo usicheze, nitasema mbele ya wote.

*Jumamosi, saa 4 asubuhi*

Idi: Nimeshainunua. Nimeiwasha usiku kucha mpaka stima ikakatika. Hii hapa picha ya ramani, taifa letu ni lile la rangi ya kijani.

Idi: 📷

Mwalimu Salumu: Nimeiona. Vile vidoti vya njano ndivyo vituo vya gesi?

Idi: Ndivyo Mwalimu.

Mwalimu Salumu: Kile cha chini kulia kiko peke yake, karibu na mpaka wa wekundu. Kinalisha kundi gani?

Idi: Kundi la kwanza. Karibu lote.

Mwalimu Salumu: Na nani anakilinda?