Nanakili Bikira Maria wa Raphael, uso unakuwa masizi. Nakosea wapi?

Chipukizi: Wakuu, habari zenu. Nimetoka kwenye rangi za maji, sasa nina miezi minne na rangi za mafuta. Nanakili ule mchoro wa Raphael, mchoraji wa zamani wa Italia, ulioko Kunsthistorisches Museum, Vienna: Bikira Maria kakaa kwenye majani, Mtoto Yesu na Yohana mdogo wakishika msalaba. Miili haikunisumbua, nilipiga miraba ya kupimia, kila kitu kikakaa mahali pake. Kazi ipo usoni. Nikitia kivuli shavuni, kama nimempaka masizi. Nikirekebisha kwa nyeupe, kama kajipaka unga. Vazi la buluu nalo limefubaa. Nimeshakwangua uso mara tatu.

Tabaka Tatu: Kivuli unatumia rangi gani?

Chipukizi: Nyeusi na nyekundu kidogo.

Tabaka Tatu: Ndiyo masizi yenyewe hayo. Halafu unataka uso uishe siku moja, rangi mbichi juu ya mbichi, lazima uvurugike. Weka nyeusi kando. Chukua amba, ile kahawia ya udongo. Ina manganizi, madini yanayoharakisha mafuta kukauka, kwa hiyo hukauka upesi. Jenga mwanga na kivuli kwa amba na nyeupe tu, mpaka sura ikutazame bila rangi ya ngozi. Ikauke kabisa. Ndipo upitishe rangi ya ngozi nyepesi, kahawia ya chini ionekane kwenye kidevu na pembeni mwa pua. Mafuta machache chini, mengi juu. Ukigeuza, tabaka la juu litapasuka.

Vazi ni hivyohivyo: mikunjo kwanza kwa buluu iliyotiwa nyeupe, ikikauka unapitisha ultramarini tupu, ile buluu iliyokolea, na mafuta ya kitani, nyembamba. Zamani ilisagwa kutoka jiwe la Afghanistan, ghali mno, hakuna aliyeimwaga ovyo.

Bi Brashi: Yote sawa, ila mimi ningeacha mchoro mzima. Mwanangu, chukua kichwa cha Yohana peke yake, kigeuze juu chini, uchore vivuli unavyoviona, siyo mtoto unayemjua. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyafinyange pamoja. Yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka.

Chipukizi: Asanteni sana, nyeusi nimeifungia kabatini. Bi Brashi, shikamoo. Matambara yangu yote yako kwenye mfuko chini ya kitanda. Narudi sasa hivi.